"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Ukiwa na laini ya simu Tanzania, hii umeshaipata: "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina deni. Jina litakuja..." halafu linafuata jina la mtu usiyemjua. Kuna wanaopenda kumjibu kwa utani au matusi. Mimi sijibu. Ukijibu tu, ameshajua laini iko hewani na mwenyewe anasoma meseji.

Siwacheki waliopigwa. Tapeli hajui kama unadaiwa. Anasambaza meseji moja kwa watu wengi, akijua hatakosa aliyemwahidi mwenye nyumba kodi asubuhi hiyohiyo. Mama yangu mkubwa nusura atume mchango wa harusi, kwa sababu kweli alikuwa anasubiri namba kutoka kwa mtu wa kamati. Na lile jina analitaja makusudi: mtandao hukuonyesha jina la aliyesajili laini kabla hujaweka namba ya siri, kwa hiyo anakuandaa usishtuke ukiliona.

Kwetu sasa namba mpya ya kupokelea hela haitambuliki mpaka mwenyewe apigiwe kwenye namba yake ya zamani. Asipopokea, hela inasubiri. Wapo ndugu walionuna mwanzoni, wakazoea.

Ile ya "samahani, nimekosea kutuma, nirudishie" inataka utulivu zaidi, maana huja na meseji iliyoandikwa kama ya mtandao kabisa. Angalia imetoka wapi. Mara nyingi ni namba ya kawaida ya mtu. Kisha angalia salio, usiiamini meseji. Hata kama hela imeingia kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, wairudishe wao. Mkweli atakubali, japo atalalamika. Na akikupigia mtu anayejiita huduma kwa wateja kwa namba isiyo 100, kata.

Za waganga na "jiunge Freemason upate utajiri" nazifuta tu.

Kufuta na kuzuia namba kunakusaidia wewe peke yako, naye kesho anaendelea na jirani yako. Kwa hiyo kabla ya kufuta, itume meseji hiyo kwenda 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kuripoti utapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, lakini bila namba kuripotiwa hakuna wa kumshika.

Utauliza: si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019? Zimesajiliwa, ila si lazima kwa kidole cha anayeitumia. Umekaa chini ya mwavuli wa wakala barabarani, anakwambia "haijasoma, weka tena", unaweka tena na tena, na hujui kila mara amesajili nini. Mimi siku hizi nasajili dukani, na kidole kikigoma naomba nione kioo cha simu yake kabla ya kurudia.

Piga *106# leo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute, na usiondoke mpaka uhakikishe imeondolewa.