Maswali ya Santuri: Magitaa Mawili na Ukumbi Mmoja

Safu iliyopita niliizungumzia *A Meeting by the River*, albamu isiyo na mwimbaji ya wapiga gitaa Ry Cooder wa Marekani na Vishwa Mohan Bhatt wa Jaipur, India. Ilitoka mwaka 1993, kisha kampuni ya Analogue Productions ikaichapa upya kwenye santuri mbili za spidi ya 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Mmeniandikia kwa wingi. Nimechagua maswali haya.

Nimeisikiliza mara tatu na bado sijui niiweke wapi. Ni ya Kihindi, ni bluzi, au ni ya Hawaii? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, usihangaike kuichagulia kabati. Siri iko kwenye mikono yao. Hawa wawili hawategemei kubana nyuzi kwa vidole. Wanateleza juu yake. Cooder amevaa kidoleni kichupa cha kutelezea nyuzi. Bhatt amelilaza gitaa mapajani na anapitisha kipande cha chuma. Upigaji huo wa chuma ulizaliwa Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na wanamuziki wa Hawaii waliokuwa wakizunguka dunia wakaufikisha India. Wahindi wakaona hapo kitu walichokuwa wakikitafuta: ala inayopanda na kushuka bila sauti kukatika, kama koo la mwimbaji. Raga, mfumo wa kujenga wimbo katika muziki wa Kihindi, inadai hivyo hivyo.

Bhatt, mwanafunzi wa Ravi Shankar, hakuridhika na nyuzi 6. Akaongeza mpaka zikakaribia 20, na ala hiyo akaiita mohan veena. Nyingi kati ya nyuzi hizo za ziada ni za kuitikia tu: anapogusa uzi mkuu, wenzake wanatetema wenyewe. Subiri noti yake moja iishe, usikilize kinachobaki hewani. Kuna kama ukungu wa sauti, unasimama kidogo, halafu unaondoka polepole. Mimi huirudisha sindano kwa ajili ya sehemu hizo tu.

Nyuma ya magitaa kuna ngoma ambayo masikio yangu yanaijua tangu utotoni. Ni ipi? (Bibi msomaji, Unguja)

Shikamoo bibi. Masikio yako hayajakudanganya. Ni dumbaki, jamaa wa ile ile ya kwenye taarabu. Anayeipiga ni Joachim, mtoto wa Cooder, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. Tabla, ile jozi ya ngoma za Kihindi, iko mikononi mwa Sukhvinder Singh Namdhari.

Ni kweli hawakufanya mazoezi? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli. Walionana uso kwa uso muda mfupi tu kabla ya kurekodi, Septemba 1992, ndani ya kanisa dogo la seminari huko Santa Barbara, California. Ndiyo maana sichoki kuisifu. Hapa hakuna anayemwonyesha mwenzake ubingwa. Mmoja anatupa kifungu kifupi, mwingine anakipokea, anakigeuza kidogo, anakirudisha. Usingejua wameanza kufahamiana siku ile.

Mtayarishaji wao, Kavichandran Alexander, alirekodi kwenye mashine ya kanda yenye valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, akitegemea jozi ya maikrofoni zilizokaa pamoja mbele ya wapigaji. Ukirekodi hivyo huwezi kuja kesho yake kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine. Umbali wao, kuta, na mwangwi wa dari vyote viliingia mara moja. Mwaka 1994 albamu ikapata tuzo ya Grammy ya muziki wa dunia, na mwaka uliofuata Cooder akaipata tena, safari hii na Ali Farka Touré wa Mali.

Dakika 40 zinaenea santuri moja. Kwa nini nilipie mbili? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu ya nafasi. Kwenye spidi ya 45, kila sekunde ya muziki inaandikwa kwenye mfereji mrefu kwa asilimia 35 kuliko kwenye spidi ya 33 na theluthi, na sindano inasoma mambo madogo kwa urahisi zaidi. Albamu ina vipande 4, na santuri mbili zina pande 4. Hakuna muziki unaosukumwa karibu na katikati, ambako mifereji inabanana na sauti kuanza kukwaruza. Muziki wa taratibu kama huu hauna pa kuficha mkwaruzo.

Uzito wa gramu 200 wa kila santuri usikushughulishe sana. Kinachoamua ni kanda iliyotumika na mkono wa fundi anayechonga mifereji.

Nina santuri za babu za spidi 78. Nizisafishe kwa spiriti, nipige kwa sindano ile ile ya santuri za kisasa? (Msomaji, Tanga)

Tafadhali, usifanye lolote kati ya hayo. Santuri nyingi za 78 si plastiki. Ni shelaki, gundi inayotokana na wadudu, nayo huyeyuka kwenye spiriti. Niliwahi kuipangusa moja hivyo nikiwa kijana. Weusi ulihamia kwenye kitambaa, na wimbo ule sikuusikia tena. Tumia maji safi yaliyochujwa na kitambaa laini, karatasi ya katikati isilowe, kisha uache ikauke kivulini. Mifereji yake pia ni mipana karibu mara tatu kuliko ya santuri za kisasa, kwa hiyo inahitaji sindano yake maalumu.

Nakuomba usiharakishe, kwa sababu huenda umeshika kitu kikubwa. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice, na santuri zake zikarudi kuuzwa huku kwetu. Zipige picha kwanza, pande zote mbili, kisha uniandikie maneno yote yaliyoko kwenye karatasi ya katikati, pamoja na namba.