Kuyasoma Maoni ya Wasomaji wa Kitabu cha Vita: Nasaha kwa Wahakiki Wapya

Wengi wenu mnaoanza kazi ya uhakiki mtakabidhiwa mapema kitabu kinachosimulia mapigano halisi ya mjini, pamoja na rundo la maoni ya waliokisoma kabla yenu, na mtatakiwa kuyapa mpangilio unaoeleweka. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, kwenye meza ya uhariri na katika vikao vya wasomaji jijini Nairobi, na kitabu kilichonifunza zaidi ni Black Hawk Down cha Mwamarekani Mark Bowden, kilichotoka mwaka 1999, kinachoeleza mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Kutokana nacho nimeshika jambo moja ambalo ningependa nanyi mlishike tangu mwanzo: uzito wa maoni hautokani na ukali wake wala sifa zake, unatokana na ukurasa uliomgusa msomaji na mahali alipokuwa amesimama alipousoma.

Msianze na maoni. Someni kitabu chenyewe mpaka muweze kukisimulia mkiwa mmekifunga, maana msomaji aliyekasirika huandika kwa haraka, na msipojua kilichomo mtashindwa kutambua anajibu nini. Alasiri ya Jumapili, kikosi maalumu cha Marekani kilitumwa kuwakamata wasaidizi wa Mohamed Farrah Aidid, kiongozi wa wanamgambo wa Kisomali, katika nyumba moja karibu na soko la Bakara. Kazi ilitarajiwa kumalizika ndani ya saa moja hivi. Helikopta mbili zilitunguliwa kwa makombora ya kurushwa kutoka begani, askari wakazingirwa usiku kucha, na waliobaki wakaokolewa na msafara wa Umoja wa Mataifa uliokuwa na vifaru vya Pakistani na magari ya deraya ya Malaysia. Wanajeshi 18 wa Marekani walipoteza maisha kutokana na mapigano hayo. Kwa upande wa Wasomali, makadirio ya waliouawa huanzia takriban 300 na kupita 1,000, wakiwamo raia wengi. Zitazameni hesabu hizo mbili kwa makini, kwa sababu upande mmoja kila marehemu anajulikana kwa jina na cheo, na upande wa pili hata mamia hayana uhakika. Sehemu kubwa ya maoni mtakayoyapokea imechipuka katika pengo hilo, hata pale ambapo mwandishi wake halitaji.

Kuna maoni ambayo kwa hakika ni ushahidi. Kabla ya kuwa kitabu, masimulizi haya yalitoka kwa mfululizo katika gazeti la The Philadelphia Inquirer mwishoni mwa mwaka 1997, yakawekwa pia kwenye intaneti, na miongoni mwa waliosoma walikuwamo askari waliopigana siku ile. Waliandika kusahihisha na kuongeza waliyoyajua, na mwandishi akaweza kuyatumia kabla ya kitabu kutoka. Kwa hiyo mkipokea barua inayosema kwamba jambo fulani halikwenda hivyo, msiiweke pamoja na malalamiko. Iwekeni kando, muitafutie uthibitisho, na mumwulize mwandishi wake alijuaje.

Barua za namna hii mara nyingi ni fupi na hazina madoido, ndiyo maana mgeni wa kazi huziruka. Katika kikao kimoja alihudhuria mstaafu kutoka Uganda aliyewahi kutumikia Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika, ambalo liliingia huko mwezi Machi 2007 na kupigana mtaa kwa mtaa kwa miaka kadhaa. Wenzake walipokuwa wakijadili ushujaa, yeye alikuwa amekwama kwenye kurasa zinazoeleza jinsi baadhi ya askari walivyoacha kambini chupa zao za maji na miwani ya kuonea gizani, kwa kuwa waliamini wangerudi kabla ya jua kuzama. Alitaka kujua ni kiongozi yupi aliyekagua vifaa kabla ya kuondoka, kisha akanyamaza. Swali lile moja lilieleza zaidi jinsi mipango inavyoharibika mjini kuliko kurasa za sifa tulizokuwa nazo. Dereva mmoja wa malori naye alishikilia habari ya msafara wa magari ya Marekani uliopotea vichochoroni: ndege iliyokuwa juu iliona njia, lakini maelekezo yalipita kwa watu kadhaa kabla ya kumfikia aliyekuwa chini, na yalipofika njia panda ilikuwa imekwisha kupitwa. Alisema msomaji asiyewahi kuongozwa kwa redio katika mji asioujua atadhani askari wale walikuwa wazembe. Nilimwomba aandike hivyo hivyo, na aliandika.

Sasa nije kwenye maoni yanayotaka subira kuliko mengine yote. Msomaji wa Marekani kwa kawaida huanza hesabu yake tarehe 3 Oktoba. Msomaji wa Nairobi, hasa aliyekaa kwenye chumba cha habari, huanza tarehe 12 Julai mwaka ule ule, siku ambayo helikopta za Marekani ziliishambulia kwa makombora nyumba walimokutana wazee na viongozi wa upande wa Aidid. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitaja vifo 54. Umati uliojaa uchungu uliwageukia waandishi wa habari waliofika kupiga picha, ukawaua wanne: Dan Eldon, aliyekulia Nairobi, Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wawili, na Hansi Krauss wa Ujerumani. Kitabu kinalieleza shambulio hilo, lakini kwa kurasa chache, na wapo watu hapa Nairobi ambao kwao kurasa hizo chache ndizo kitabu kizima. Msiwaambie wametoka nje ya mada, kwani bila Julai hakuna anayeweza kueleza kwa nini watu wa kawaida wa mitaa ile, wanawake na vijana wakiwamo, walikimbilia mahali risasi zilipolia mwezi Oktoba badala ya kukimbia.

Mama mmoja wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, aliyeondoka Mogadishu akiwa msichana, alitwambia kwamba Wasomali hawamo katika kitabu hiki. Kwa maneno yalivyo, dai hilo si sahihi, kwa sababu Bowden alikwenda Mogadishu mwaka 1997 kuwahoji Wasomali, na baadhi yao wanasikika humo kwa sauti zao. Mhariri mwenye pupa angelitupa dai lake kwa kosa hilo. Nilimwomba anionyeshe ukurasa uliomuumiza, akafungua mahali ambapo mtu anaanguka mlangoni pa nyumba yake na simulizi linaendelea na askari aliyepita hapo, bila kurudi tena kwa aliyeanguka. Hapo lalamiko lake likawa wazi na la kweli: Wasomali wamo, lakini wengi wao wanaonekana kwa kitambo kile tu ambacho askari anawaona. Hilo ni jambo la uhakiki wa hali ya juu kuhusu namna kitabu kilivyojengwa, na lilitoka kwa mtu ambaye hakuwahi kusoma somo la fasihi. Ombi hilo la kuonyeshwa ukurasa lifanyeni desturi. Linawafaa pia wanaosifu tu na kusema hawakulala mpaka wamalize, kwa kuwa msisimko wao una chanzo kile kile, yaani msomaji kufungiwa ndani ya yale ambayo askari anayaona na kuyajua kwa dakika ile.

Angalieni pia kama mtu anazungumzia kitabu au filamu iliyotengenezwa kutokana nacho mwaka 2001. Pervez Musharraf, aliyekuwa rais wa Pakistani, alilalamika katika kumbukumbu zake kwamba filamu iliacha mchango wa askari wa nchi yake, na lalamiko hilo lina haki, ila si la kubebeshwa kitabu.

Mkifika hatua ya kuchapisha, kila maoni yatangulizwe na maelezo mafupi ya msomaji alipo na uhusiano wake na tukio, kama ameridhia yatajwe. Msipange barua za kusifu na za kulaumu kwa idadi sawa ili ukurasa uonekane wa haki. Zipangeni kufuata mwendo wa kitabu, ili zinazohusu Julai zikae pamoja na zinazohusu msafara zikae pamoja, hata kama upande mmoja utakuwa na barua tisa na mwingine moja. Na aliyepigana, au aliyefiwa, asomewe barua yake kwa simu siku moja kabla ya kuchapishwa, neno kwa neno, kwa kuwa wengi huandika usiku na asubuhi hutaka jina la marehemu liondolewe.