Mkopo wa Chuo Marekani: Uliza Hili Kabla Hujakubali Kusitishiwa Malipo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Columbus, Ohio, aliniandikia: "Shikamoo dada. Kampuni niliyokuwa nailipa mkopo wa chuo imefunga akaunti yangu, sasa kuna nyingine siijui inasema inanidai. Ni matapeli?"

Marahaba mdogo wangu. Huenda si matapeli. Deni lako ni la Wizara ya Elimu ya Marekani, ila wizara haipokei malipo yenyewe, imeajiri makampuni kama Nelnet, MOHELA, Aidvantage na Edfinancial. Wewe huchagui ipi ikusimamie, na mkopo unaweza kuhamishwa kutoka moja kwenda nyingine bila kuulizwa. Ingia studentaid.gov kwa akaunti ileile uliyojazia FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa masomo, uangalie jina lililoandikwa pale. Likifanana na la kwenye barua, ni wao. Lisipofanana, usitoe hata senti. Na mtu akikutoza ada ili "akupunguzie" malipo, mkimbie, maana hiyo huduma unapewa bure na kampuni yako.

Ningeishia hapo, lakini ujumbe wake umenikuta mwezi huuhuu ambao mkopo wangu umesoma sifuri. Sitajifanya mnyenyekevu. Nimepiga picha ya skrini, nimemtumia mama, nimewatumia na wale waliokuwa wakiniuliza kwa nini sijengi Dodoma kama wenzangu.

Nilikuja Houston kwa bahati nasibu ya Green Card, nikasoma uuguzi, nikamaliza na deni la dola elfu 27 na ushee. (Wenye Green Card, na ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wanastahili mikopo hii kama raia. Wengi hawaambiwi.) Ukimaliza masomo unapewa miezi 6 kabla ya kuanza kulipa. Yangu iliisha nikiwa bado sijapata leseni, nageuza na kuogesha wazee kwa mshahara wa msaidizi wa muuguzi, watoto wawili nyumbani, mume anatafuta kazi.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya upole kabisa. Usijali, akasema, nakusitishia malipo sasa hivi. Wao wanaita forbearance. Hakuniuliza napata kiasi gani. Hakuniuliza nina watoto wangapi. Mimi nilishukuru mpaka nikamwombea baraka. Muda ulipoisha nikapiga tena, akapokea kijana mwingine, jibu lilelile. Kumbe riba ilikuwa inatembea kila siku iendayo kwa Mungu, dola 3 na senti kadhaa, na usitishaji ulipokwisha riba yote ikajumlishwa kwenye deni la msingi, nayo ikaanza kuzaa riba. Nikafungua akaunti nikakuta deni limevuka elfu 29, na mimi sijakopa hata shilingi.

Aliyenieleza ukweli ni muuguzi mwenzangu Mnigeria, kwenye chumba cha kulia, kwa kalamu, nyuma ya ratiba ya zamu. Ipo mipango ya kulipa kulingana na kipato. Ule wa IBR, kwa mfano, unachukua mstari wa umaskini wa serikali, unaongeza nusu yake, na unakutoza sehemu tu ya kinachozidi hapo: asilimia 10 kwa walioanza kukopa kuanzia Julai 2014, asilimia 15 kwa waliotangulia. Mwaka ule kwa familia ya watu 4 mstari huo, pamoja na ile nusu yake, ulifika dola 36,450. Mimi nilikuwa chini yake. Aliandika sifuri kwenye ile ratiba, akaizungushia duara. Malipo yangu ya mwezi yangekuwa sifuri, ningehesabiwa nimelipa, na kwa sehemu ya mkopo ambayo riba yake inabebwa na serikali, ningeendelea kubebwa hadi miaka 3.

Sikuambiwa. Mpaka leo nikisikia ule muziki wa kusubirishwa kwenye simu, tumbo linanikaza.

Kwa hiyo wadogo zangu, mkishindwa kulipa, piga simu, lakini uliza hivi, neno kwa neno: "Kwa kipato changu na familia yangu, mpango wa kipato utanitoza kiasi gani kwa mwezi?" Usikubali kusitishiwa malipo kabla hujajibiwa kwa namba. Ukishajibiwa, omba wakuandikie kwenye ujumbe wa ndani ya akaunti. Ya simu hayana ushahidi. Mkopo wangu ulipohamishwa kampuni, baadhi ya malipo yangu ya zamani hayakuonekana, na kilichoniokoa ni nakala nilizokuwa nimezihifadhi mwenyewe.

Sisi tuliotoka Tanzania tuna tatizo moja. Tumezoea Bodi ya Mikopo: mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara, wewe unaona tu kwenye hati ya malipo. Wakenya nao na HELB, bodi yao ya mikopo, mwajiri ndiye anayekata. Huku hakuna anayekukata, unaona kimya, unadhani umesamehewa. Siku 90 za kutolipa zinatosha kuharibu rekodi yako ya mikopo. Siku 270, umeingia kwenye orodha ya waliokwama, na serikali ina haki ya kukata hadi asilimia 15 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, bila kwenda mahakamani, na kuchukua marejesho yako ya kodi. Asilimia ni ileile ya nyumbani, ila huku inakuja kama adhabu.

Nikapata leseni. Miaka iliyofuata haina la kusimulia: zamu, kulala, zamu. Machi 2020 serikali ikasimamisha malipo na kushusha riba hadi sifuri. Wenzangu wakashangilia wakabadilisha magari. Mimi niliendelea kutuma, wakanicheka. Riba iliyokuwa imelimbikizwa ilipokwisha kulipwa, kila dola ilikuwa inakata deni la msingi. Riba iliporudi Septemba 2023, aliyekuwa ananicheka zaidi ya wote ndiye aliyenipigia kuomba ushauri. Nilimpa. Lakini nilimkumbusha kwanza.

Jambo la hela ya ziada, sikilizeni. Ukituma zaidi ya kinachodaiwa bila maelekezo, kampuni inaweza kusogeza mbele tarehe yako ya malipo na kuigawa hiyo ziada kwenye mikopo yako yote. Andika maelekezo: ziada iende kwenye mkopo wenye riba kubwa, na tarehe isisogezwe. Kisha rudi ukague. Malipo ya kukatwa benki moja kwa moja yanakupunguzia riba kwa asilimia 0.25, ila kampuni ikibadilika usidhani yamehama na wewe, hakikisha.

Na tuambiane ukweli. Kamati ya harusi ya mtu ambaye hujawahi kula naye meza moja unachanga dola 300, mkopo wako unaupa visingizio. Mnatuma picha mmeegemea gari la mkopo, nyumbani wanaamini mmefika. Simwambii mtu asisaidie ndugu. Mama yangu hajawahi kukosa dawa. Lakini harusi nyingi nilizikosa na nikasemwa, na waliosema hawakunilipia hata senti.

Walioko kwenye SAVE, mpango mwingine wa kulipa kulingana na kipato: mahakama ziliuzuia mpango huo mwaka 2024, na sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeamua ufutwe. Usikae ukisubiri kuhamishwa, maana riba ilirudi tangu Agosti 2025. Linganisha IBR na ule mpya wa RAP, unaoanza Julai 2026, ambao malipo yake ya chini kabisa ni dola 10 kwa mwezi lakini ni miaka 30 kabla ya salio kufutwa. Na kila mwaka thibitisha kipato chako kabla ya tarehe, la sivyo malipo yatapanda ghafla.

Mnaofanya kazi serikalini, shule za umma au hospitali zisizo za faida, msiniige mimi. Mimi nilikuwa kwenye kampuni ya kibiashara. Ninyi ulizeni kwanza kuhusu PSLF, msamaha wa mikopo kwa wanaofanya kazi za huduma kwa umma: malipo 120 ya kila mwezi yanayokubalika, na salio lililobaki linafutwa. Ukiwa kwenye njia hiyo, kila dola ya ziada unayotuma ni ile ambayo wangekusamehe.