Hesabu Pesa Kabla Hujapenda Jina

Tarehe 8 Januari 2023 nilikuwa chumba cha mapumziko kazini, ghala moja hapa Houston, buti za chuma mguuni na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Texans, timu yetu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani, walikuwa Indianapolis wanamalizia msimu mbovu kupita maelezo: mechi mbili tu walizoshinda tangu Septemba. Wakifungwa na hii, wanashika mkia wa ligi nzima na wanapata haki ya kuchagua wa kwanza kwenye drafti, zamu ya timu kugawana wachezaji wapya. Imebaki chini ya dakika moja, jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, bado yadi 20. Davis Mills, mrushaji wetu, akautupa mpira mbali, mwenzake Jordan Akins akaudaka na kufunga. Wakaongeza pointi mbili nyingine, 32-31, Texans wameshinda. Mimi, shabiki wao, nimeshika kichwa.

Mzee mmoja wa Uvira tunayefanya naye zamu ya usiku akaniangalia kwa huruma. "Ndugu yangu, si timu yako imeshinda? Sasa unalia nini?"

Nililia kwa sababu daftari langu la mipango la mwaka ule nilikuwa nimeshaanza kuliandika kwa kuamini tutachagua wa kwanza. Na hilo lilikuwa kosa langu, si la Akins.

Niwaeleze wageni kwanza. Drafti ninayoisema si ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ligi ya NFL ina timu 32, na vijana wengi hutoka vyuo vikuu. Kila mwisho wa Aprili timu hupokezana kuchagua, raundi saba kwa siku tatu, aliyefanya vibaya zaidi akitangulia. Hakuna ada ya uhamisho kama tulivyozoea dirisha la usajili la Simba na Yanga. Ukimtaka mchezaji mwenye mkataba na timu nyingine, unatoa mchezaji au unatoa haki yako ya kuchagua, hata ya mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Yaani watu wanauziana viwanja ambavyo havijapimwa.

Sasa sisi ghalani tuko saba, Watanzania, Wakenya na Wakongo, na tuna mchezo wetu. Kila Februari, msimu ukishakwisha, kila mmoja anakaa kama meneja mkuu wa Texans na kuandika mpango wake: nani aachwe, nani anunuliwe, nani achaguliwe. Picha ya ukurasa inatumwa kwenye kundi kabla mwaka mpya wa ligi haujaanza katikati ya Machi, ili mtu asije akajifanya nabii baadaye. Anayeshika mkia ananunua mbuzi. Nimenunua mbuzi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na haya ninayoandika yametokana na mbuzi hao.

Anza na pesa. Najua, hakuna anayependa kuanza na pesa. Mwaka wangu wa kwanza, 2021, nilisajili kama tajiri wa Kariakoo, majina makubwa kurasa mbili nzima. Jamaa yetu wa Mombasa, ambaye hesabu ziko damuni, akajumlisha kimya kimya kisha akauliza kwenye kundi, "Pesa hizi wazitoa wapi wewe?" Maana NFL ina kikomo cha mishahara, na kikomo hicho ni kimoja kwa timu zote. Mwaka ule kilikuwa kimeshuka hadi dola milioni 182.5 kwa sababu ya korona. Mwaka 2023 kilifika milioni 224.8, na mwaka 2025 milioni 279.2. Bilionea hawezi kukizidi kwa sababu tu ana hela benki.

Lakini ujanja upo, na hapo ndipo wengi tunapopigwa. Mchezaji akilipwa bonasi ya kusaini, anaipata mkononi, ila kwenye vitabu vya timu inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Mpe mtu bonasi ya milioni 20 kwa mkataba wa miaka minne, utaandika tano kila mwaka. Ukimwacha baada ya miaka miwili, zile kumi zilizobaki zinakudondokea. Hazikupi mchezaji, na bado zinakula nafasi ndani ya kikomo. Sisi tunaziita pesa mfu. Ni kodi ya chumba ulichokwisha kuhama. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson Machi 2024, walibaki na pesa mfu za dola milioni 85, ikabidi wazibebe kwa miaka miwili. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa daftari langu siku hizi unasema: ukimwacha huyu leo, unaokoa kiasi gani na unabaki unadaiwa kiasi gani? Kuna wachezaji ambao kuwafukuza ni ghali kuliko kuwaweka.

Ukishajua ulichonacho mfukoni, andika matundu kabla ya majina. Nafasi gani iko wazi, nani mkataba wake unaisha, nani goti limechoka. Kambini wanaingia watu 90, msimu unaanza na 53, kwa hiyo matundu ni mengi kuliko unavyodhani. Hapo ndipo Machi inapoitangulia Aprili, na mpangilio huo una maana kubwa. Machi ni soko la wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, Aprili ni drafti. Ukiingia drafti una tundu kubwa usiloliziba, utachagua kwa njaa: utamkamata kijana wa nafasi hiyo hata kama mezani kuna bora kuliko yeye.

Tazama walivyofanya Texans wenyewe Machi 2023, chini ya meneja mkuu Nick Caserio na kocha mpya DeMeco Ryans. Walimchukua Dalton Schultz kwa mkataba wa mwaka mmoja, Devin Singletary mwaka mmoja, wakamtoa Shaq Mason Tampa kuja kuimarisha ukuta wa mbele, wale wanaomkinga mrushaji. Wale si watu wa kuchapishwa kwenye mabango. Ni viraka vya bei nafuu na vya muda mfupi. Ila Aprili ilipofika, timu haikuwa na njaa, na ndiyo maana iliweza kufanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu saba aliyelifikiria.

Hilo jambo lina ukoo wake. Machi 2022 Texans walimpeleka Deshaun Watson, kwotabeki wao aliyekwisha kuomba kuondoka, kwa Cleveland Browns. Kwotabeki ndiye mrushaji, ndiye timu inapozungukia. Wakapewa, pamoja na mengine, haki za raundi ya kwanza za 2022, 2023 na 2024. Browns wakampa Watson mkataba wa miaka mitano, dola milioni 230, zote za uhakika. Watu wengi hupenda kuuliza nani alishinda biashara ile siku ileile. Mimi nilijifunza kufuatilia kila haki ilikokwenda, kama unavyofuatilia ng'ombe wa mahari amezaa ndama wangapi.

Ya 2022 ilikuwa nafasi ya 13. Wakashuka hadi 15 kwa kubadilishana na Philadelphia, wakamchagua Kenyon Green wa ukuta wa mbele. Mweke pembeni, tutarudi kwake. Ya 2023 ilikuwa nafasi ya 12. Usiku wa drafti Texans walichagua wa pili, wakamchukua kwotabeki C.J. Stroud. Tukadhani tumemaliza, tukaenda kupasha chai. Ghafla tangazo: Texans wamepanda hadi nafasi ya tatu, wamewapa Arizona ile ya 12, ya 33, na za 2024 za raundi ya kwanza na ya tatu, wao wakarudishiwa pia ya 105. Wakamchagua Will Anderson Jr., mkimbiza kwotabeki.

Kwenye kundi tulitukanana. Mimi nilisema wamechanganyikiwa, kiwanja cha mwakani hakiuzwi hivyo. Jamaa wa Mombasa akatoa jedwali lake. Kuna jedwali la zamani la Dallas Cowboys, la enzi za kocha Jimmy Johnson mwanzoni mwa miaka ya 1990, linaloipa kila nafasi pointi: ya kwanza 3000, ya pili 2600, ya tatu 2200. Ya 12 ina 1200, ya 33 ina 580. Jumla 1780, bado 420 kufika 2200, na hizo, ukiiacha kando ile ya 105, ndizo zilizolipwa kwa haki za mwakani. Timu nyingi leo zina majedwali yao mapya, lakini kwa sisi wa daftari lile la zamani linatosha kukuzuia usifanye biashara ya kichaa. Au angalau ujue kichaa chako kina bei gani.

Swali lenyewe, ambalo jedwali halijibu, ni hili: haki ya mwakani ni yako au ya mtu mwingine, na mwenye nayo atakuwa mbovu kiasi gani? Texans waliwapa Arizona haki yao wenyewe ya 2024 huku wakibaki na ya Cleveland. Walijiamini kwamba hawatakuwa wabovu tena. Wakashinda mechi 10, wakachukua ubingwa wa kanda yao, wakaifunga Cleveland hiyohiyo 45-14 kwenye mtoano, na kiwanja walichouza kikaishia nafasi ya 27. Stroud na Anderson wakawa wachezaji wachanga bora wa mwaka, mmoja upande wa kushambulia na mwingine wa kulinda.

Ile nafasi ya kwanza niliyoililia ghalani? Iliangukia Chicago Bears, nao wakaiuza kwa Carolina, wakapewa mpokeaji DJ Moore na rundo la haki, ikiwemo ya raundi ya kwanza ya 2024. Carolina wakamchagua Bryce Young, wakamaliza msimu na ushindi wa mechi mbili, na haki waliyoiuza ikageuka kuwa ya kwanza kabisa mwaka uliofuata. Bears wakamchagua Caleb Williams. Ukiuza kiwanja chako, hakikisha hujengi kibanda mwaka huo.

Kuhusu kwotabeki nina neno moja tu. Tangu makubaliano ya mwaka 2011, mishahara ya wachanga imefungwa kwa ngazi. Mkataba wa kwanza wa Stroud ni kama dola milioni 36 kwa miaka minne yote. Watson anapata wastani wa milioni 46 kwa mwaka. Ukiwa na kwotabeki mzuri aliye kwenye mkataba wa kwanza, una miaka michache ya kununua wengine, halafu bei inapanda. Mpango wowote usioandika mwaka ambao dirisha hilo linafungwa haujakamilika.

Na hapo ndipo mimi niliharibu. Aprili 2024 Texans walikuwa wamemchukua mpokeaji maarufu Stefon Diggs kutoka Buffalo. Ukifuatilia ukoo: haki ya tatu ya Cleveland, nafasi ya 23, ilienda Minnesota, ikaleta nafasi ya 42, iliyompata Kamari Lassiter, pamoja na haki nyingine na ya raundi ya pili ya 2025. Hiyo ya raundi ya pili ndiyo iliyoenda Buffalo. Nilishangilia hadi msimamizi akanionya. Kwenye tundu la ukuta wa mbele nilikuwa nimeandika "tutaona". Diggs alicheza mechi nane, goti likaenda Oktoba. Stroud akaangushwa mara 52 msimu ule, na kwenye mtoano kule Kansas City akaangushwa mara nane tena. Nilipenda jina nikasahau tundu, kosa lilelile la 2021, safari hii tu likiwa limevaa vizuri zaidi.

Siku ya tatu ya drafti, Jumamosi, ni ya wavumilivu. Wengi huzima televisheni, mzee wa Uvira ndiyo kwanza anavuta kiti. Anajua makwotabeki wawili waliokuja kung'ara walichaguliwa mwishoni: Brock Purdy alichaguliwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, nafasi ya 262, na Tom Brady alikuwa wa 199 mwaka 2000. Hupenda pia kutukumbusha kwamba Daniel Adongo, Mkenya wa raga, aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita drafti kabisa. Ushauri wangu hapa ni mdogo: usitoe haki za mwisho bure, lakini pia usizipangie maisha. Kwa raundi ya sita na ya saba andika aina ya mchezaji, jina achia bahati.

Zamani tulikuwa tunapeana alama usiku uleule wa drafti. Tuliacha. Sasa daftari linafungwa miaka mitatu ndipo linafunguliwa na kusahihishwa, na Aprili 2025 tulifungua la 2022. Mwaka ule Texans walianza na Derek Stingley Jr. nafasi ya tatu, na aliyemfuata, Sauce Gardner, akawa mchanga bora wa ulinzi. Kwenye ukurasa wangu Stingley nilimpa tatu kwa kumi. Kenyon Green, kijana wa palepale jirani na Houston, nilimpa tisa, na pembeni nikaandika "nguzo ya miaka kumi".

Machi 2025 Texans walimpa Stingley mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 90. Mwezi huohuo wakamtoa Green kwenda Philadelphia. Jamaa wa Mombasa alisoma ukurasa wangu kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, akafika "nguzo" akarudia mara mbili. Jumamosi iliyofuata nilikuwa buchani asubuhi na mapema, nauliza bei ya mbuzi mzima.