Kwa unayeanza kazi ya faiba hapa Dodoma

Mdogo wangu unayeingia gereji kujifunza faiba, kazi utakazokutana nazo zaidi hapa kwetu ni bampa za mabasi, na mara mojamoja boti kutoka Bwawa la Mtera. Mwenye basi na mwenye boti watakuambia neno lilelile: "Fundi, weka puti tu, nina haraka." Usikubali. Puti inafunika ufa, haiushiki. Nguvu ya faiba iko kwenye nyuzi za kioo, na zikishakatika lazima uweke nyuzi nyingine. Ukiziba kwa puti peke yake, basi likiruka matuta mawili matatu ufa unarudi palepale.

Kwanza tafuta ufa unaishia wapi, maana macho hayatoshi. Chukua sarafu, gonga taratibu ukiufuata mstari na kutoka pembeni yake. Pazima panatoa mlio mkali; palipoachana ndani panatoa mlio butu. Chora mpaka wa mlio butu kwa kalamu. Mara nyingi eneo hilo ni kubwa kuliko ufa unaouona, na lote ndilo la kukarabati.

Halafu osha: sabuni na maji, kikauke, ufute kwa asetoni na kitambaa safi. Yote haya kabla hujawasha grinda. Ukitangulia kupiga msasa, grisi na polishi ya silikoni vinasukumwa ndani ya mikwaruzo. Resini, yaani gundi ya majimaji inayoganda na kushika nyuzi, haitashika vizuri, na rangi itakuja kutoka vijishimo.

Sasa chonga mteremko. Kingo za ufa zisibaki wima. Kipimo ninachofundisha ni unene mara 12: faiba ya milimita 5 inataka mteremko wa sentimita 6 kila upande. Mwenye mali akiona unavyokula bampa lake atapiga kelele. Mweleze kwa upole kwamba resini mpya inashika ya zamani kwa eneo, na eneo dogo halibebi mtikisiko. Kwenye bampa, fanyia kazi kubwa upande wa nyuma, mbele ubaki umaliziaji.

Boti ina jambo lake, nalo ni unyevu. Maji huingia kwenye ufa na kusafiri kati ya tabaka. Hapa kiangazi chetu ni msaada mkubwa: iweke kivulini penye hewa siku kadhaa, ufa ukiwa umeshafunguliwa. Ila upepo wa Julai na Agosti unabeba vumbi, kwa hiyo funika kwa turubai, na ufute tena kwa asetoni kabla ya kupaka.

Hadina, dawa ya kuigandisha resini, ndiyo inayowashinda wengi. Kwa resini ya poliesta ni asilimia 1 hadi 2: gramu 500 za resini, mililita 5 hadi 10 za hadina. Pima kwa sindano isiyo na ncha, usikadirie kwa kifuniko. Mchana wa Novemba kaa karibu na 1. Asubuhi ya Julai, baridi ikiuma, sogea kwenye 2. Usishuke chini ya 1 ili kujipa muda, haitakauka sawasawa. Changanya kidogo kidogo badala yake, au fanya kazi asubuhi. Na kama resini yako inahitaji kuongezwa kobalti, kichapuzi cha kuganda, ichanganye kwanza kwenye resini hadi ienee kabisa, ndipo utie hadina. Vikikutana vyenyewe vinalipuka.

Kata mati zako zote, yaani mikeka ya nyuzi za kioo, kabla ya kuchanganya, kipande kikubwa kikitangulia. Paka resini, laza mati, kisha gongagonga kwa ncha ya brashi. Ukiburuta unazivuruga nyuzi. Itazame: mati nyeupe inalowa, inaanza kuangaza, hadi unauona mstari wa kalamu yako chini yake. Doa lililobaki jeupe ni hewa. Litoe sasa hivi, kesho utalitoa kwa grinda.

Ukiletewa kitu chenye foamu nyeupe ya punje ndani, kama baadhi ya maboya na zile mbao za kuteleza kwenye mawimbi, weka poliesta kando. Itaiyeyusha foamu mbele ya macho yako. Hapo tumia resini ya epoksi.

Vaa miwani muda wote, maana hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Ikitokea, suuza papo hapo kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa resini. Tafuta yenye kichujio cha mkaa, na ya vumbi wakati wa msasa.

Resini ikifika hatua ya mpira, imeshika lakini bado laini, pitisha wembe ukingoni ukate mati iliyozidi. Ni dakika chache tu, usiondoke. Kopo lenye mabaki liweke nje juu ya mchanga, mbali na matambara ya asetoni, kwa sababu linapoganda linapata moto wa kutosha kutoa moshi.