Maswali na majibu: Karatasi ya kung'aa nyuma ya radieta, inapunguza bili kweli?

Baridi imeshaingia Ulaya, na maswali mengi safari hii yametoka kwa wenzetu wanaoishi huko. Wameona zikiuzwa zile karatasi za kung'aa za kubandika ukutani nyuma ya radieta (yale mabati ya ukutani yanayopitishwa moto ndani ili kupasha nyumba joto), nao wanauliza kama ni akiba au ni hela ya kutupa.

Swali: Shikamoo fundi. Nakaa Leicester, Uingereza, nyumba ya matofali ya zamani. Bili ya gesi inanitoa jasho, nyumba yenyewe hainitoi. Hizo karatasi zitanisaidia?

Jibu: Marahaba. Zitakusaidia, ila si kama anavyosema muuzaji. Radieta hutoa joto kwa njia mbili: hewa inayopata moto ikapanda juu, na miale inayotoka kwenye bati lenyewe. Miale ya mbele inakufikia wewe uliyekaa kwenye kochi. Ya nyuma inapiga ukuta, na ukuta uliopakwa rangi huimeza karibu yote, kisha joto linapenya taratibu kwenda nje. Alumini inayong'aa hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya miale hiyo. Hapo muuzaji hakudanganyi. Asichokwambia ni kwamba nyuma ya radieta ni kipande kidogo mno cha nyumba yako.

Tupige hesabu. Radieta ya mita 1 kwa sentimita 60 inafunika ukuta wa mita za mraba 0.6. Ukuta wa tofali wa zamani, usio na uwazi katikati, ukishaupasha moto namna hiyo hupitisha kama wati 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya uso wake na nje. Tuseme karatasi imeupunguzia ukuta joto kwa nyuzi 15. Umeokoa wati 25 hivi, wakati radieta yenyewe inatoa kama wati 1,000. Ukiwasha saa 8 kwa siku kwa miezi 6, hizo ni uniti 36. Gesi ikiwa peni 6 kwa uniti, ukihesabu na kinachopotea kwenye boila (mtambo wa gesi unaopasha maji ya radieta), unapata pauni mbili na ushee kwa mwaka kwa kila radieta. Karatasi ya bei nafuu itarudisha hela yake baada ya muda. Ya bei mbaya, mwachie mwenyewe. Na ubandike kwenye kuta zinazopakana na nje tu. Ukuta wa kati ya sebule na chumba, joto likipenya bado limo ndani ya nyumba yako.

Swali: Foili ninayofunikia sinia la pilau haifai?

Jibu: Inafaa sana. Upande unaong'aa na ule uliofifia hazitofautiani kwa maana yoyote. Ibandike ukutani kwa gundi ya karatasi za ukuta, au izungushie kwenye kadibodi uitumbukize nyuma, radieta ikiwa imezimwa na imepoa. Isiguse bati, lazima pabaki nafasi ya hewa. Ipanguse vumbi mara moja moja. Ukuta ukiwa na unyevu, tafuta kwanza maji yanatoka wapi, usiufunike.

Swali: Fleti yetu Milton Keynes imejengwa 2015. Ninunue?

Jibu: Hapana. Kuta zako zimeshawekewa kizuia joto ndani yake.

Swali: Mimi nilishabandika vyumba vyote, Coventry, na watoto bado wanalala na masweta. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, mama, ila kwenye picha uliyotuma naona mambo matatu. Pazia refu limeshuka mpaka sakafuni na kuifunika radieta, kwa hiyo joto linapanda nyuma ya pazia na kwenda kuchezea kioo cha dirisha. Likate, au usiku lichomekee nyuma ya radieta. Pili, kochi limeipa radieta mgongo, livute mbele. Tatu, sare za shule zimeanikwa juu yake. Nguo mbichi zinazuia joto kutoka, na maji yake yote yanaishia hewani kisha kwenye kona za ukuta, ndio huo ukungu mweusi unaousugua kila Jumamosi.

Juu ikiwa baridi na chini moto, ndani mna hewa: izime, ipoe, fungua kile kiskrubu cha pembeni kwa ufunguo wake mpaka maji yaanze kuchuruzika, ufunge.

Halafu nenda kwenye boila. Boila za gesi za kisasa, ambazo Uingereza ilizifanya za lazima 2005, hubana matumizi pale maji yanayorudi kutoka kwenye radieta yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Nyingi zimeachwa zikipeleka maji ya nyuzi 75 au 80. Kama boila yako haina tangi la maji ya moto, shusha joto la maji ya radieta mpaka 60, uone kama nyumba bado inapata joto. Kama ina tangi, maji ya tangini yabaki 60 kwa sababu ya bakteria. Kwa hili hutoi hata peni, na linaokoa kuliko karatasi zote ulizobandika.

Swali: Hapa Ujerumani radieta yangu imeingia ndani ya ukuta, chini ya dirisha.

Jibu: Wewe ndiye ninayekushauri uweke bila kusita. Kwenye majengo ya zamani ukuta wa pale kwenye kishimo ni mwembamba kuliko mahali pengine popote. Na kale kapima joto kaliko mbele ya radieta usikafunike kwa pazia: joto likijikusanya pale, kanahesabu zaidi, na sehemu kubwa ya bili yako, kwa sheria asilimia 50 hadi 70, inagawanywa kwa matumizi.

Swali: Chicago, jengo la radieta za mvuke, joto limo ndani ya kodi. Nibandike?

Jibu: Akiba itakuwa ya mwenye jengo, ndugu yangu. Chumba kikizidi moto, usifunge valvu nusu. Kama radieta ina bomba moja tu, valvu iwe wazi yote au imefungwa yote, la sivyo maji yatanasa ndani na bomba litagongagonga usiku kucha.