Ndege inadunda nikitua: nifanye nini?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Najifunza urubani hapo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na nakaribia kuruka peke yangu. Cessna 172 ninayotumia, ndege ndogo ya injini moja, hugusa barabara ya kutulia kisha inadunda. Nikisukuma usukani mbele ili itulie, mkufunzi ananipokonya. Kosa langu ni lipi? Halafu hata nikija na kasi ya kitabuni, naona ardhi inakimbia mno.

JIBU: Acha kabisa kusukuma. Miguu miwili ya nyuma ya Cessna 172 ni vyuma vyenye mnepo, na ndiyo iliyoundwa kubeba kishindo. Ukisukuma, gurudumu la mbele linatangulia kugonga, pua inarushwa, mabawa yanashika hewa tena na ndege inapanda kuliko mwanzo. Unasukuma tena. Kila mara mkono wako unachelewa, kwa hiyo kila mdundo unakuwa mbaya kuliko uliopita, na mara nyingi wa tatu ndio unaovunja mguu wa mbele. Propela inachimba lami, na ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini unakunjamana. Hapo injini lazima ifunguliwe yote ikaguliwe, hata kama rubani ametoka mzima.

Mdundo ukiwa mdogo, shikilia pua katika mkao wa kutua, ongeza nguvu kidogo, iache ishuke yenyewe. Ukiwa mkubwa, au ukiingiwa na shaka yoyote, ondoka: nguvu yote, pedali ya kulia, na uizuie pua kwa mkono, maana trimu (kirekebishi kinachoshikilia mkao wa pua) uliyoiweka kwa ajili ya kutua itaivuta juu. Flapi, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zirudishe hadi digrii 20, zilizobaki ungoje kasi ipande. Redio baadaye. Hakuna mkufunzi wa maana atakayekulaumu kwa kupaa upya.

Lakini mdundo huanza kabla magurudumu hayajagusa. Ukiingia kwa noti (maili za baharini kwa saa) 75 badala ya 65, umebeba nishati zaidi kwa theluthi nzima, kwa sababu nishati hufuata mraba wa kasi. Ukifika karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa, yaani mita 11 hivi, ukinzani wa hewa unapungua na ndege inaelea tu. Mwanafunzi anaona barabara inamwishia, anailazimisha chini. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi kasi ya mwisho kuliko ulaini wa kugusa.

Na hilo la ardhi kukimbia ni kweli, macho yako hayakudanganyi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kipimo cha kasi husoma pungufu ya mwendo halisi. Kikisoma 65, mchana wa digrii 25 pasipo upepo, unapita juu ya ardhi kwa takriban noti 73. Siku utakayotua Malindi, 65 hiyohiyo itakuwa kama 67. Hatari ni kuvuta pua ili upunguze mwendo unaouona, hadi ilie honi inayoonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege, ukiwa bado hujafika barabarani. Mabawa yanafuata kipimo, nawe kifuate hichohicho.

Kabla ya kuruka peke yako, mwombe mkufunzi mpite juu ya barabara nzima kwa kimo cha mita moja, nguvu kidogo ikiwepo, bila kugusa, kisha mpae. Rudieni hadi jicho lizoee kimo hicho.